Kano ya Kisigino: Jinsi Inavyokatika, Inavyoshonwa na Inavyopona

Leo nataka tuzungumze habari ya kiungo kimoja ambacho mtu hakikumbuki mpaka siku kinapokatika, nacho ni kano ya kisigino. Kila mmoja wetu aweza kuishika sasa hivi. Peleka mkono nyuma ya mguu, juu kidogo ya kisigino, nawe utashika kitu kigumu mfano wa kamba iliyokazwa. Hiyo ndiyo kano tutakayoieleza: kazi yake, sababu za kukatika kwake, jinsi madaktari wanavyoishona, na jinsi mgonjwa apaswavyo kujitunza mpaka atembee vema tena.

Nimeichagua habari hii kwa kuwa watu wengi wakiumia mahali hapo hudhani wameteguka tu. Basi hukandwa kwa maji ya moto, huchuliwa kwa mafuta, hungoja wiki baada ya wiki, na siku zile zilizofaa kwa tiba hupita bure. Mkulima apandaye mlima na mzigo, mkwezi wa minazi, mchukuzi, na mama aendaye kisimani kila asubuhi, wote riziki yao yategemea kano hii. Kwa hiyo yafaa katika kila nyumba awepo walau mtu mmoja azijuaye dalili zake.

Kazi ya kano

Kano ni nini? Misuli, yaani nyama zile zenye kukaza na kulegea, haikujishikiza kwenye mifupa yenyewe. Aghalabu msuli huishia katika kamba nyeupe yenye nguvu nyingi, na kamba hiyo ndiyo iushikao mfupa. Kamba hizo ndizo kano. Mchinjaji azijua sana. Amtundikapo mbuzi kwa miguu ya nyuma ili amchune, hupitisha mti au kulabu chini ya kano ya mguu, na kano hiyo huubeba mwili wa mnyama isikatike. Hiyo ndiyo ifananayo na kano yetu ya kisigino. Ukiipasua na kuitazama, utaona ya kuwa imefanywa kwa nyuzi nyingi nyembamba zilizolazwa pamoja, mfano wa kamba ya katani.

Kwa mwanadamu, misuli miwili mikubwa ya shavu la mguu huungana chini na kuwa kano moja yenye urefu wa sentimita 15 hivi, nayo hujishikiza nyuma ya mfupa wa kisigino. Ndiyo kano nene kupita zote mwilini, na yenye nguvu kupita zote. Misuli ikijikaza, kano huvuta kisigino juu, nawe husimama kwa ncha za vidole. Pasipo kazi hiyo hakuna kukimbia, hakuna kuruka, wala hakuna kupanda ngazi au mlima kama ipasavyo. Mtu anapokimbia, kano hii huchukua mzigo unaopita uzito wa mwili wake mara 6 hata 8.

Wazungu huiita kwa jina la Achilles, shujaa wa hadithi za kale za Wayunani. Yasemwa ya kuwa alipokuwa mtoto mchanga mama yake alimchovya katika mto wa kuzimu ili silaha zisimdhuru. Lakini alimshika kisigino, na mahali pale hapakuguswa na maji. Alipokuwa mtu mzima aliuawa kwa mshale uliompata papo hapo. Jina hilo lilitiwa katika vitabu vya uganga na Philip Verheyen, mwalimu wa chuo kikuu cha Leuven, katika nchi iitwayo leo Ubelgiji, mwaka 1693.

Jinsi inavyokatika

Huenda mtu akadhani kamba yenye nguvu namna hii haikatiki ila kwa pigo kubwa. Sivyo. Mara nyingi hukatika yenyewe, wala hapana mtu aliyeigusa. Kisa chake ni hiki: katika sehemu iliyo sentimita 2 hata 6 juu ya kisigino, damu ifikayo ni chache, na kitu kipatacho damu chache hakijengeki upesi kinapochakaa. Umri unapozidi, nyuzi hupoteza unyumbukaji wake. Kisha siku moja mtu hujirusha mbele ghafula, au huteleza kwenye shimo, au huruka na kutua vibaya, na nyuzi zote hukatika kwa mara moja.

Waumiao zaidi ni wanaume wa miaka 30 hata 50 wachezao mara moja moja. Karani au mwalimu hukaa kitini siku tano, kisha Jumamosi huingia uwanjani kushindana na vijana, wala hakuupasha mwili moto kwanza. Walakini hata wachezaji wa kazi hawakuepushwa. Tarehe 14 Machi 2010, David Beckham, mchezaji mashuhuri wa mpira kutoka Uingereza, alikuwa akiichezea timu ya Milan huko Italia. Umri wake ulikuwa miaka 34. Hakuna aliyempiga, lakini kano ya mguu wake wa kushoto ilikatika katikati ya mchezo, akatoka uwanjani akichechemea. Siku ya pili alifika mji wa Turku katika nchi ya Finland, na daktari Sakari Orava akamshona. Mwezi Juni mwaka huo Kombe la Dunia lilichezwa Afrika Kusini, mara ya kwanza katika bara letu, naye alitumaini kushiriki kwa mara ya nne. Hakucheza. Alirudi uwanjani mwezi Septemba. Mtu huyu alikuwa na mali, sifa na madaktari hodari, naye alishonwa upesi. Hata hivyo kano ilidai miezi yake. Na tulishike jambo hili, maana tutalirudia.

Ziko sababu nyingine pia. Panga, shoka, bati au chupa iliyovunjika huweza kuikata kano kwa nje. Mguu wa mtoto ukiingia katika njiti za gurudumu la baiskeli au pikipiki huweza kukatwa vivyo hivyo. Tena yako madawa yanayoweza kuidhoofisha. Siprofloksasini na dawa za jamii yake, zinazonunuliwa na wengi dukani bila kumwuliza daktari, zimejulikana kwa jambo hilo, na mwaka 2008 serikali ya Marekani iliamuru onyo lake liandikwe wazi pamoja na dawa. Hatari huzidi kwa watu waliopita miaka 60, na kwa wale wanaotumia pia dawa za steroidi. Hii haina maana ya kuwa dawa hizo ni mbaya, bali zitumiwe kwa amri ya daktari tu. Na mtu akianza kuumwa nyuma ya kisigino huku akizimeza, aende akamwambie daktari mara moja.

Dalili zake

Mtu aliyekatika kano hii aghalabu husema alisikia mshindo, kama mti uliovunjika, na akahisi amepigwa teke kwa nyuma. Hugeuka amtazame aliyempiga, asione mtu. Maumivu huwa makali kwanza, kisha hupungua. Mguu huvimba. Ukipitisha kidole juu ya kisigino, huenda ukakuta shimo mahali palipokuwa na kamba. Mgonjwa hawezi kusimama kwa ncha za vidole vya mguu ule peke yake.

Lakini jihadharini na jambo moja. Mtu huyo aweza bado kuchezesha wayo wake, na pengine hutembea kwa kuchechemea, kwa sababu iko misuli mingine midogo inayosaidia kuushusha wayo. Hapo ndipo wengi wanapodanganyika, wakasema, “Ingekuwa imekatika asingeweza kutembea.”

Iko njia nyepesi ya kupima, waliyoieleza madaktari Simmonds wa Uingereza mwaka 1957 na Thompson wa Marekani mwaka 1962. Mgonjwa hulala kifudifudi kitandani, nyayo zikining'inia nje ya ukingo. Mpimaji huliminya shavu la mguu kwa mkono. Katika mguu mzima, wayo hushuka kidogo wenyewe. Katika mguu uliokatika kano, wayo hautikisiki. Pima mguu mzima kwanza, ndipo uone tofauti.

Ukiona dalili hizi, usimkande mgonjwa wala usimvute mguu. Mzuie asiukanyagie. Weka kitambaa cha maji baridi, ufunge mguu kwa vipande vya ubao huku vidole vikielekea chini, maana hapo ncha za kano hukaribiana. Kama kuna jeraha, lifunike kwa kitambaa safi. Kisha mpelekeni hospitali, siku ile ile kama yawezekana.

Jinsi inavyoshonwa

Daktari mpasuaji humwekea mgonjwa dawa ya usingizi, au humchoma sindano ya mgongoni ili sehemu ya chini ya mwili ife ganzi. Mgonjwa hulazwa kifudifudi. Ngozi husafishwa sana, kisha hupasuliwa kwa urefu, kando kidogo upande wa ndani, wala si katikati. Hufanya hivi kwa kuwa upande wa nje upo mshipa wa fahamu uletao hisia katika ukingo wa wayo, nao ukikatwa mahali hapo hufa ganzi.

Ndani, ncha mbili za kano hazifanani na kamba iliyokatwa kwa kisu. Zimechanika-chanika kama ncha za kamba ya katani iliyokatika kwa kuvutwa na mzigo. Uzi mtupu ukipitishwa mara moja katika ncha kama hizo ungechomoka. Basi daktari huchukua uzi wenye nguvu, huanza mahali pazima mbali na ncha, na huushona huku na huku kwa mafundo yenye kujikaza yenyewe, kama mtu asukaye ukingo wa jamvi usifumuke. Hufanya vivyo katika ncha ya juu na katika ncha ya chini. Kisha wayo huelekezwa chini, ncha zikutane, na nyuzi hufungwa. Utando mwembamba unaoifunika kano hurudishwa mahali pake, ngozi hushonwa, na mguu hufungwa ukiwa umeelekea chini.

Iko na njia nyingine, iliyotangazwa na Ma na Griffith mwaka 1977, ya kushona kwa kupitia matundu madogo bila kufungua ngozi kwa urefu. Jeraha huwa dogo na hatari ya kidonda kuoza hupungua, lakini daktari haoni vema ndani, na mshipa ule wa fahamu waweza kuchomwa.

Je, ni lazima kushonwa?

Wengi watashangaa kusikia ya kuwa si lazima kila mara. Kano iliyokatika ndani bila jeraha huweza kujiunga yenyewe, ikiwa mguu utafungwa mapema huku vidole vikielekea chini na mgonjwa akifuata mazoezi. Mwaka 2022 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa Norwe juu ya wagonjwa 526. Wengine hawakushonwa, wengine walishonwa kwa kupasuliwa wazi, na wengine kwa matundu madogo. Baada ya miezi 12 hali zao, kwa kadiri walivyojibu wenyewe, zilikuwa sawasawa. Tofauti ilikuwa katika hatari. Kati ya wasioshonwa, watu 6 hivi katika kila 100 walikatika tena, na kati ya walioshonwa hakufika hata mmoja katika 100. Kwa upande mwingine, walioumizwa mishipa ya fahamu walikuwa karibu 3 katika 100 kwa waliopasuliwa wazi, na 5 kwa walioshonwa kwa matundu madogo. Wasioshonwa hawakufika mmoja.

Kwa hiyo daktari hupima. Kano iliyokatwa kwa panga hushonwa, maana jeraha sharti lisafishwe na kufungwa. Mchezaji na mtu wa kazi nzito mara nyingi hushonwa. Mzee, mwenye ugonjwa wa kisukari, au mvutaji wa tumbaku, ambao vidonda vyao hupona kwa taabu, huenda akashauriwa asipasuliwe. Lakini mtu aliyekaa nyumbani wiki nyingi bila tiba mara nyingi hunyimwa uchaguzi huo. Ncha za kano huachana, kovu hafifu hujaa katikati, na msuli hufupika. Hapo daktari hulazimika kurefusha kano au kuazima kano ya kidole gumba cha mguu ili azibe pengo, na kazi hiyo ni ngumu zaidi. Wahenga walisema kweli: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Miezi ya kupona

Sasa tumefika katika jambo kubwa la mazungumzo yetu. Mgonjwa akitoka chumba cha upasuaji hudhani kazi imekwisha. Kwa kweli ndiyo kwanza imeanza. Uzi wa daktari hauponyi kano. Kazi yake ni kuzishika ncha mbili mpaka mwili wenyewe ujenge. Katika siku za kwanza damu na maji ya mwili hujaa mahali palipokatika. Kisha, kwa muda wa wiki kadha, mwili hutengeneza nyuzi mpya, lakini hizo hulala ovyo kama majani yaliyotupwa, nazo ni dhaifu. Baadaye, kwa miezi mingi, hata mwaka na zaidi, nyuzi hujipanga kufuata upande wa kuvutwa, ndipo kano inapopata nguvu.

Mgonjwa na azifuate hatua hizi, akijua ya kuwa daktari wake aweza kuzibadili kidogo kwa hali yake.

Wiki 2 za kwanza mguu huwa katika plasta ngumu, ambayo wengine huiita hogo, vidole vikielekea chini. Mgonjwa hutembea kwa magongo, na akilala huuinua mguu juu ya mto ili usivimbe. Karibu na mwisho wa wiki hizo jeraha hutazamwa na nyuzi za ngozi huondolewa.

Tangu wiki ya 2 hata ya 8 hivi, mguu huvikwa kiatu kirefu kigumu, mfano wa buti, chenye vipande vya kuinulia kisigino. Mgonjwa huanza kuukanyagia kidogo kidogo, na vipande huondolewa kimoja kimoja, mpaka wayo ukae sawa. Zamani watu walifungwa plasta miezi miwili bila kutikisika. Siku hizi imeonekana ya kuwa kutikisa kidogo mapema, kwa kipimo, huisaidia kano kujipanga. Lakini kuuvuta wayo juu kwa nguvu ni mwiko, kwa kuwa kano changa hurefuka, na kano iliyorefuka haina nguvu ya kuinua kisigino tena.

Kutoka mwezi wa 3 mgonjwa huvaa viatu vya kawaida, naye hufanya mazoezi ya kuinua visigino, kwanza kwa miguu miwili pamoja, baadaye kwa mguu mmoja. Kukimbia pole pole hungoja mwezi wa 4 au zaidi. Michezo ya kuruka na kugeuka ghafula hungoja miezi 6 hata 9, na wengine mwaka mzima. Shavu la mguu huo huenda likabaki jembamba kidogo kuliko la pili. Hilo ni jambo la kawaida.

Hatari kubwa huja pale maumivu yanapokwisha. Mtu huona nafuu, huvua buti akaingia shambani, au huruka mfereji, na kano hukatika tena. Nafuu ya maumivu si dalili ya nguvu. Basi jamaa nao wajue ya kuwa huyu asiyelia wala kulalamika bado ni mgonjwa, wasimwite mvivu, nao wamsaidie kulima na kuchota maji mpaka miezi yake itimie.

Ziko dalili za kumrudisha hospitali upesi: jeraha likitoa usaha au kunuka, homa, au shavu la mguu likivimba na kuuma, maana damu yaweza kuganda ndani ya mshipa. Na mtu akipungukiwa pumzi ghafula au akichomwa kifuani, asingojeshwe hata saa moja, kwa kuwa damu iliyoganda huenda imefika mapafuni.

Wauguzi na waganga wa zahanati waweza kumfunga mgonjwa na kumwandikia barua ya kwenda hospitali kubwa. Kwa Tanzania, madaktari wa mifupa na viungo hupatikana katika Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili, Dar es Salaam, na katika hospitali ya KCMC, Moshi, na kwingineko. Mgonjwa aulize tangu siku ya kwanza ni nani atakayemfundisha mazoezi, wala asiridhike na kushonwa tu.

Basi, ndugu zangu, mchezo ukianza, pasheni miili moto kwanza, hasa ninyi mliopita miaka thelathini. Na mtu akianguka uwanjani akauliza ni nani aliyempiga teke, wala hakuna aliyekuwa nyuma yake, msimcheke. Mlazeni kifudifudi, liminyeni shavu la mguu, mtazame wayo wake. Usipotikisika, mpelekeni hospitali siku ile ile, kabla mkandaji hajaitwa.